Darubini ya 10x50 kwa mfuatiliaji wa vumbi la nyota: tathmini baada ya miaka miwili

Darubini ninayoitathmini hapa ni ya mirija miwili, ya kushikwa kwa mikono, na juu yake imeandikwa 10x50, yaani hukuza mara 10 na kila lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 50. Jina la chapa silitaji, kwa sababu ambayo mnunuzi yeyote ataielewa akizunguka maduka mawili matatu: mwili uleule, skrubu zilezile na hata mfuko uleule huuzwa kwa majina tofauti, na bei hupanda na kushuka kulifuata jina badala ya kioo. Mimi nililipa shilingi 190,000, nami nimeitumia kwa misimu miwili ya kaskazi na miwili ya kusi, mara nyingi nikiwa juu ya paa la zege mjini Tanga, na mara chache Pangani, ambako taa za barabarani bado ni chache na anga huwa jeusi hasa.

Sikuinunua kwa ajili ya ndege, wala mbuga, wala mpira wa miguu, na kwa hiyo anayetafuta tathmini ya mambo hayo hatapata mengi katika maandishi haya. Niliinunua ili kufuatilia nyota kubwa mno na nyekundu ambazo wanaastronomia huziita majitu makuu mekundu, na hasa chembe za vumbi zinazoundwa katika gesi inayozizunguka. Niseme mapema ili msomaji asidanganyike kama kisanduku kilivyotaka kunidanganya: darubini hii haionyeshi vumbi hilo, wala hakuna darubini ya mkononi iwezayo kulionyesha, kwa maana chembe zenyewe ni sehemu tu ya maikromita moja, yaani ya elfu moja ya milimita, na nyota zenyewe ziko mbali kwa mamia au maelfu ya miaka ya nuru. Inachoweza kuonyesha ni kazi ya vumbi: nyota kufifia, rangi kubadilika au kutobadilika, na nyota iliyostahili kuonekana kwa macho matupu kujificha mpaka itafutwe kwa kioo. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia, na kwa kipimo hicho darubini hii imefaulu mahali ambapo sikutarajia na imeshindwa mahali ambapo nilikuwa na hakika nayo.

Chanzo cha manunuzi haya ni Februari ya 2020, nilipokuwa sina chombo chochote isipokuwa macho. Katika kundi la Jabari, mabega mawili ya mwindaji ni nyota mbili zisizolingana: bega moja ni Ibuti la Jauza, ambayo kimataifa huitwa Betelgeuse, nyekundu na yenye kung'aa, na la pili ni Bellatrix, ya samawati na hafifu zaidi. Mwezi ule mabega yalikuwa sawasawa. Mtu aliyezoea kuitazama Jabari tangu utotoni aliona kitu kimeharibika angani kabla hajasoma habari yoyote. Wataalamu walikuwa wamekwisha kutoa taarifa tangu Desemba 2019, Edward Guinan na wenzake wakiwa wa kwanza kuitangazia dunia kwamba nyota ile inafifia kuliko kawaida, na kati ya tarehe 7 na 13 Februari ikafika chini kabisa, kwenye magnitudi 1.6 hivi, hali kwa kawaida huwa karibu na 0.5. Kwa asiyezoea vipimo hivi, namba ya magnitudi ikiwa kubwa nyota huwa hafifu. Tofauti hiyo ina maana kwamba mwangaza wake ulibaki kama theluthi moja tu ya ule wa kawaida.

Maelezo yaliyokuja kukubaliwa na wengi yanaanzia ndani ya nyota. Ibuti la Jauza ni kubwa kiasi kwamba ingewekwa mahali pa Jua ingeimeza Dunia na kuipita Mars, na uso wake huchemka kama sufuria ya uji mzito, mapovu makubwa ya gesi yakipanda na kushuka. Andrea Dupree na wenzake, wakitumia darubini ya angani ya Hubble, walikuwa wameona gesi moto na nzito ikitoka upande wa kusini wa nyota katika miezi ya mwisho ya 2019, kabla ya kufifia kufika kilele. Timu ya Miguel Montargès ilipiga picha za uso wa nyota kwa darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile, ikaonyesha kwamba Januari 2019 duara lilikuwa limeng'aa kote, lakini Desemba na Januari zilizofuata nusu ya kusini ilikuwa imetiwa giza. Katika makala yao ya 2021 walieleza kwamba nyota ilitema bonge la gesi, kisha sehemu ya uso wake ikapoa, na baridi hiyo ikaiwezesha gesi kuganda kuwa chembe za vumbi zilizokuja kusimama kati yetu na nyota.

Hapa ndipo penye utamu. Uso wa nyota hii una joto la nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi, na katika joto hilo hakuna chembe yoyote ngumu inayoweza kudumu. Gesi inapaswa kwanza kupanda, kutanuka na kupoa hadi chini ya nyuzi 1,500 au 1,200 hivi, kutegemea ni madini gani yanayotaka kuganda. Majitu makuu mekundu yana oksijeni nyingi kuliko kaboni, na kaboni yote hukimbilia kushikana na oksijeni na kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ngumu kuvunjika ambayo haishiriki tena katika shughuli yoyote ya kuunda vumbi. Oksijeni iliyobaki ndiyo inayotafuta wenzi: kwanza alumini, ambayo huganda mapema kwenye joto la juu, kisha silikoni pamoja na magnesi na chuma, na matokeo yake ni silikati, jamaa wa mchanga na miamba tunayoikanyaga. Nyota zenye kaboni nyingi hutoa masizi; hizi hutoa mchanga.

Na mchanga huo unanirudisha kwenye darubini yangu kwa njia ambayo muuzaji hakuijua. Chembe za silikati zikipashwa joto na nyota hung'aa kwa mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, hasa karibu na urefu wa wimbi wa maikromita 9.7, na alama hiyo ndiyo iliyowawezesha wanaastronomia Woolf na Ney, katika mwaka wa 1969, kusema kwamba vumbi linalozizunguka nyota baridi lina silikati. Kinachosababisha alama hiyo ni mtikisiko wa kiungo kati ya silikoni na oksijeni. Sasa, lenzi na prizimu za darubini hii, yaani vipande vinavyopindisha nuru ndani ya mirija, ni za kioo, na kioo msingi wake ni silikoni na oksijeni, kwa hiyo hata kama jicho la binadamu lingeweza kuona mionzi hiyo, kioo kingeinyonya yote njiani, kwa kuwa kiungo kinachong'aa kule ndicho kilekile kinachonyonya huku. Sidhani kuna kasoro ya bidhaa iliyo na adabu kuliko hii, nami siihesabu dhidi ya mtengenezaji.

Kasoro nitakayoihesabu ni nyingine. Darubini ya kwanza niliyopewa dukani ilikuwa na mirija isiyolingana: kila nyota ilionekana mbili, moja juu ya nyingine, na baada ya dakika tano kichwa kiliniuma. Muuzaji alisema ni macho yangu. Nilirudi siku ya pili saa nne asubuhi, nikamwomba atazame mnara wa simu ulio mbali, naye alipoona minara miwili alibadilisha bila maneno zaidi. Nawashauri wanunuzi wafanye jaribio hilo kabla ya kulipa, wakiitazama ncha ya mnara au kona ya jengo la mbali kwa macho yote mawili, kisha wayafumbe na kuyafumbua ghafla: taswira ikianza mbili na kusogeleana polepole, macho ndiyo yanayofanya kazi ya fundi, na yatachoka. Jaribio la pili ni kuishika darubini mbali na uso, kuelekeza upande wenye mwanga, na kuvitazama viduara viwili vya nuru kwenye lenzi za jicho. Katika 10x50 kila kiduara kinapaswa kuwa na upana wa milimita 5 na kuwa mviringo mtupu. Kikiwa na kingo za kijivu zilizonyooka kama mraba, prizimu ni za kioo cha daraja la chini na sehemu ya nuru inapotea. Yangu ina kivuli kidogo upande mmoja wa mrija wa kushoto, ingawa kisanduku kinasema prizimu ni za daraja la juu.

Kwa Ibuti la Jauza yenyewe, nyota ambayo kwa ajili yake nilikinunua chombo hiki, nakiri kwamba darubini hii haina faida kubwa. Kupima mwangaza wa nyota kwa jicho ni kazi ya kulinganisha: unaitafuta nyota iliyo kali kidogo kuliko yako na nyingine iliyo hafifu kidogo, kisha unakadiria yako iko wapi katikati yao. Majirani wa kulinganisha na Ibuti la Jauza wamesambaa angani. Procyon yenye magnitudi 0.4 iko mbali upande wa mashariki, Dabarani yenye 0.9 hivi iko kwenye kundi la Ng'ombe, na hata Bellatrix, ambayo ni ya jirani, iko umbali wa nyuzi saba na nusu, hali uwanja wa darubini hii, yaani upana wa anga unaoonekana ndani yake kwa mara moja, ni nyuzi sita na nusu. Mabega mawili ya Jabari hayaingii katika mtazamo mmoja. Macho matupu yanashinda hapa, tena yanashinda vizuri zaidi kwetu sisi wa karibu na ikweta, kwa sababu Ibuti la Jauza hupita karibu na utosi na hewa haili nuru yake kama inavyoila kwa watu wa Ulaya ya kaskazini. Jambo moja la tahadhari ni kwamba nyota nyekundu huwa na ujanja: kadiri unavyoikodolea macho ndivyo inavyoonekana kung'aa zaidi, kwa hiyo ni lazima kutupia jicho haraka na kuondoka.

Pale darubini iliponisaidia ni kwenye rangi. Ukilegeza fokasi kidogo mpaka nyota itandaze kuwa kisahani, rangi ya Ibuti la Jauza hutoka wazi, ya machungwa yaliyoiva, na unaweza kuilinganisha na Dabarani ndani ya nusu dakika. Rangi si pambo tu katika suala la vumbi. Chembe ndogo sana hula nuru ya samawati zaidi kuliko nyekundu, kwa sababu hiyohiyo moshi hulifanya jua la magharibi kuwa jekundu; chembe kubwa zaidi hula rangi zote karibu sawa, na nyota huzimika bila kugeuka rangi. Emily Levesque na Philip Massey walipima joto la Ibuti la Jauza katika Februari 2020, wakakuta limeshuka kidogo mno kuweza kueleza giza lote, nao wakahitimisha kwamba vumbi la chembe kubwa ndilo lililosimama mbele. Wengine walitofautiana nao, wakitaja mabaka baridi kwenye uso wa nyota. Daisuke Taguchi na wenzake walikuja na ushahidi kutoka mahali pasipotarajiwa kabisa: setilaiti ya Japani ya hali ya hewa, Himawari-8, ambayo ilikuwa ikipiga picha za upande mzima wa Dunia unaoielekea, mchana na usiku, na kwa bahati ikiinasa Ibuti la Jauza pembeni mwa picha. Katika makala yao ya 2022 walionyesha kwamba uso ulipoa kwa nyuzi 140 hivi na vumbi likaongezeka, na kwamba mambo hayo mawili yaligawana lawama karibu nusu kwa nusu. Mimi huwaamini zaidi hawa wa mwisho, kwa kuwa setilaiti ile iliiona nyota kwa rangi nyingi, ikiwemo infraredi, bila kuhitaji kusubiri zamu ya darubini.

Lakini rangi ndiyo sehemu ambayo lenzi za bei hii husema uongo. Nyota kali zikiwa katikati ya uwanja huzungukwa na ukingo wa zambarau, na zikisogea pembeni hunyooka kuwa kama viluwiluwi. Theluthi ya nje ya uwanja haifai kwa kupima chochote. Nimejizoeza kuiweka kila nyota katikati kabisa kabla ya kuilinganisha, na kwa kufanya hivyo makadirio yangu ya usiku mmoja hayatofautiani sana na ya usiku unaofuata.

Nyota iliyoikomboa darubini hii machoni pangu ni nyingine kabisa, nayo haina jina la Kiswahili wala la Kiarabu, kwa kuwa haikuwahi kuwa maarufu kwa mabaharia: VY Canis Majoris, katika kundi la Mbwa Mkubwa. Kuitafuta ni raha. Ukianza na Shira, nyota kali kuliko zote za usiku, shuka hadi pembetatu ya nyota zilizo kwenye kiuno na mkia wa Mbwa, uishike ile iitwayo Wezen, kisha uisogeze darubini upande wa kaskazini mashariki kwa upana wa vidole viwili vya mkono ulionyooshwa mbele. Utakutana na kishada kidogo cha nyota kinachoizunguka Tau Canis Majoris, na takriban digrii moja na robo kutoka hapo, upande wa kusini mashariki, kuna nukta yenye magnitudi 8 hivi. Kutoka Tanga eneo hilo hupita juu sana katika usiku wa Januari na Februari, na kaskazi inapokuwa imetulia nukta hiyo husimama imara, yenye wekundu hafifu wa kutu. Usiku wa kwanza nilihitaji dakika arobaini kuipata. Sasa ni suala la dakika mbili.

Nukta hiyo ya kutu inatoa nuru ya Jua kama 300,000. Iko umbali wa miaka ya nuru 3,900 hivi, na kwa hesabu ya kawaida ya nguvu na umbali ilipasa kuonekana kwa macho matupu bila taabu, hata kutoka mjini. Haionekani kwa sababu imejifunika vumbi lake yenyewe. Kila mwaka hutupa gesi na vumbi vyenye uzito wa Dunia 30, na mavumbi hayo huimeza nuru inayoonekana kisha kuitema upya kama joto la infraredi, kiasi kwamba kwa anayetazama kwa vyombo vya mionzi hiyo VY Canis Majoris ni miongoni mwa vitu vikali zaidi angani. Waangalizi wa zamani waliokuwa na darubini nzuri kuliko yangu waliiandika kuwa ni nyota kadhaa zilizobanana. Baadaye ikabainika kwamba nyota ni moja tu, na wale wenzake walikuwa mafundo ya vumbi yanayoakisi nuru. Mwanaastronomia Mfaransa Lalande aliiorodhesha katika mwaka wa 1801 kama nyota ya daraja la saba. Tangu hapo imefifia, na anayeitazama leo kwa 10x50 anatazama pazia lililozidi kuwa zito ndani ya miaka mia mbili.

Katika mwaka wa 2015 timu ya Peter Scicluna ilitangaza kipimo cha chembe za pazia hilo, kilichopatikana kwa kamera iliyoko kwenye darubini ileile ya Chile iliyoipiga picha Ibuti la Jauza: nusu maikromita kwa wastani wa nusu kipenyo, kubwa mno kwa vumbi la nyota. Ukubwa huo una maana katika swali ambalo bado linawashughulisha wataalamu, yaani ni nini hasa kinachozifanya nyota hizi zipoteze gesi nyingi namna ile. Nuru ya nyota husukuma. Chembe ndogo iliyo safi, isiyo na chuma ndani yake, huachia nuru ipite kama kioo cha dirisha na haisukumwi sana; chembe yenye ukubwa unaokaribia urefu wa wimbi la nuru huitawanya nuru hiyo kila upande na kupokea msukumo wa kutosha kuondoka, ikiburuta gesi pamoja nayo. Kwa nyota nyekundu ndogo zaidi maelezo haya yanatosha kwa kiasi kikubwa. Kwa majitu makuu bado gesi inahitaji kuinuliwa kwanza kufika mahali pa baridi ambapo chembe zinaweza kuganda, na hapo ndipo mchemko wa uso, mapigo ya nyota na pengine nguvu za sumaku huingizwa katika hesabu.

Kusema kweli, hakuna kitu katika mtazamo wa darubini kinachokuambia haya. Kuna nukta tu. Hata hivyo nimemwonyesha nukta hiyo binamu yangu, ambaye ni fundi seremala na hana subira na mambo yasiyo na faida, naye baada ya kuambiwa kwamba nyota ile imezama katika mchanga wake aliishika darubini kwa robo saa nzima.

Katika msimu wa kusi zamu huwa ya Akrabu. Moyo wa Nge, yaani Antares, unaonekana vizuri tangu Aprili hadi Oktoba, na wekundu wake katika darubini hii ni mzuri kuliko wa nyota nyingine yoyote niliyoitaja, huku kishada cha M4 kikiwa kama ukungu mdogo katika uwanja huohuo. Vumbi lililotoka katika upepo wa nyota hiyo huonekana kwenye picha za muda mrefu kama wingu la manjano, lakini kwa jicho usitegemee kitu. Mu Cephei, ambayo mwanaastronomia wa zamani William Herschel aliisifu kwa rangi yake ya johari nyekundu, iko kaskazini mno kwetu. Oktoba huinuka nyuzi kama 26 tu kutoka upeo wa macho kwa hapa Tanga, na chumvi ya hewa ya pwani humaliza kilichobaki. Wa Nairobi watakuwa na bahati zaidi kidogo.

Darubini hii haikamiliki bila ramani, na ramani nilizozitumia ni za AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika kilichoanzishwa Marekani katika mwaka wa 1911. Huduma hiyo ni ya bure: unaandika jina la nyota, unachagua ukubwa wa eneo, na unapewa ramani yenye nyota za kulinganisha zilizoandikwa magnitudi zao. Namba hizo huandikwa bila nukta ya desimali, 82 ikimaanisha 8.2, ili mtu asije akaidhania nukta ya desimali kuwa nyota. Nimeupenda uangalifu huo. Makadirio yako ukiyatuma huingia katika orodha moja na ya maelfu ya watu wengine, na mchoro wa kufifia kwa Ibuti la Jauza uliozunguka duniani katika 2020 ulijengwa kwa sehemu kubwa na makadirio ya namna hiyo. Kwa VY Canis Majoris, ambayo majirani wake wote wanaingia katika uwanja mmoja, darubini na ramani hizo zimekubaliana kama kidole na pete.

Uzito wa gramu 850 hivi si mkubwa kwa dakika mbili, lakini kwa dakika kumi mikono hutetemeka na nyota ya magnitudi 8 hupotea katika mtetemeko. Mbele ya bawaba kuna tundu la skrubu la kufungia kwenye stendi ya miguu mitatu, ila kiungo chenyewe hakimo kisandukuni na ilinibidi nikichongeshe. Aliyekichonga ni binamu niliyemtaja. Unyevu wa pwani ni adui wa pili: baada ya masika ya kwanza niliona utando mwembamba wa ukungu ukianza kwenye ukingo wa lenzi moja, na tangu hapo naihifadhi katika kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja ndani ya visanduku vya viatu. Vifuko hivyo navyo ni silikoni na oksijeni. Utando haujaendelea.

Kwa anayetaka kuifuatilia Ibuti la Jauza peke yake, namshauri abaki na pesa zake, apakue ramani, na apande juu ya paa kila baada ya siku kumi kuanzia Novemba hadi Aprili, macho yanamtosha. Kwa anayetaka kuziona nyota zilizofichwa na vumbi lao na kuzipima mwaka hadi mwaka, hii ni darubini ya pointi tatu na nusu kati ya tano, na ingepata nne kama kingo za uwanja zingekuwa safi. Aliye na shilingi 250,000 asikimbilie ile ya 20x80 iliyo rafu ya juu, kwa sababu bila stendi nzito haitamwonyesha kitu. Achukue hii, na zinazobaki azitumie kwa stendi. Kamba ya shingoni iliyokuja nayo ilikatika katika mwezi wa tatu. Nimefunga ya begi la zamani, nayo inashika.